Kuijenga Upya Tovuti ya Shirika la Urithi kwa Programu Huria: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Shirika linalotunza urithi, liwe makumbusho, hifadhi ya nyaraka, maktaba au chama cha historia, linapoamua kuijenga upya tovuti yake, kikao cha kwanza huzungumzia rangi, nembo na picha itakayopamba ukurasa wa mbele. Hilo linaeleweka, kwa kuwa sura ndiyo inayoonekana kuchakaa mapema. Lakini mtu anayefika kwenye tovuti hiyo usiku akitafuta picha ya mtaa aliozaliwa bibi yake, au mtafiti aliyeutaja ukurasa fulani katika tasnifu yake miaka sita iliyopita, anafuata kitu kimoja chenye maelezo yake, na anataka kukikuta pale kilipokuwa. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata haja ya watu hao wawili: unaanza na kilichomo, unaendelea na haki zake, programu zake na anwani zake, na sura unaifikia baada ya hapo.

Ninachukulia kwamba shirika ni dogo au la wastani, lina watumishi wachache, mtu mmoja au wawili wanaoielewa kompyuta vizuri, mkusanyo wa vitu mia kadhaa hadi makumi ya maelfu, na bajeti isiyoruhusu kukosea mara mbili.

Kuhusu programu huria, sababu ya kuzichagua inafaa isemwe mapema. Wengi huzipenda kwa kuwa hazilipiwi leseni, na hiyo ni nafuu ya kweli, ingawa seva, jina la kikoa (yaani anwani kuu ya tovuti), saa za fundi na matunzo ya kila mwezi bado vina gharama na lazima viingizwe kwenye bajeti. Sababu yenye uzito zaidi kwa shirika la urithi ni haki ya kuondoka na mali yako. Programu iliyo chini ya leseni kama GPL, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1991, humpa kila mtumiaji ruhusa ya kuiendesha, kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza; kwa hiyo hata walioitunga wakiacha kuishughulikia, shirika linaweza kumwajiri fundi mwingine na kuendelea nayo, au kuitoa data yake na kuihamishia kwingine. Umuhimu wa haki hiyo ulionekana wazi kampuni ya Adobe ilipositisha Flash, teknolojia yake ya michoro hai kwenye wavuti, tarehe 31 Desemba 2020, ambapo maonesho ya kidijitali yaliyojengwa kwa teknolojia hiyo yaligeuka visanduku vitupu kwenye vivinjari, hata pale ambapo faili zake zilikuwa bado salama kwenye seva.

Hatua ya 1: Hifadhi tovuti ya zamani kabla hujaigusa

Tovuti inayokwenda kubomolewa nayo ni waraka wa historia ya shirika na inastahili kutunzwa kama nyaraka nyingine. Chukua nakala za aina mbili. Ya kwanza ni ya ndani, yaani hifadhidata nzima, folda ya picha na faili zilizopakiwa, pamoja na faili za mipangilio. Ya pili ni ya nje, yaani tovuti kama msomaji anavyoiona, na huchukuliwa kwa programu huria kama wget au HTTrack. Wget inaweza pia kuandika matokeo yake kwa muundo wa WARC, ambao ni kiwango cha kimataifa cha kuhifadhia kurasa za wavuti chini ya namba ISO 28500, na faili hiyo unaweza kuiingiza kwenye hifadhi ya shirika ikiwa na namba yake ya usajili, kama barua au ramani yoyote. Omba vilevile kurasa kuu zihifadhiwe kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti ya shirika la Internet Archive, ili pawepo nakala iliyo nje ya mikono yenu. Kisha irejeshe ile nakala ya ndani kwenye kompyuta nyingine na uhakikishe tovuti inafunguka, maana upungufu wa nakala kwa kawaida hugundulika siku inapohitajika.

Wakati huohuo, thibitisha jina la kikoa limesajiliwa kwa nani. Katika shirika moja nililolisaidia, kikoa kilikuwa kimesajiliwa kwa baruapepe binafsi ya mtumishi aliyekwisha kustaafu, na ilani za malipo zilikuwa zikienda kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua tena. Tulipozikuta, zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya kikoa kuachiliwa. Kikoa kisajiliwe kwa jina la shirika na kwa anwani ya baruapepe ya ofisi inayosomwa na watu wasiopungua wawili.

Hatua ya 2: Orodhesha kila anwani

Fungua lahajedwali na uandike kila anwani iliyopo kwenye tovuti ya sasa, kichwa cha ukurasa, aina yake, tarehe ya mwisho kuhaririwa, mtumishi anayewajibika nao, na uamuzi juu yake: unabaki, unaunganishwa na mwingine, unaandikwa upya, au unaondolewa. Sehemu kubwa ya orodha hiyo itatokana na nakala uliyoichukua katika hatua ya 1. Nyingine utaipata kwenye kumbukumbu za seva, ambazo huonyesha anwani zilizosahaulika kabisa lakini bado zinatembelewa kutoka tovuti za watu wengine.

Idadi ya wageni ikusaidie kupanga kazi, lakini isikuamulie thamani ya ukurasa. Ukurasa unaofunguliwa mara nne kwa mwaka unaweza kuwa ndio pekee duniani unaoeleza mnara uliobomolewa, na wale wanne waliouhitaji hawana mahali pengine pa kwenda. Itunze orodha hii kwa uangalifu, kwa sababu utaihitaji tena katika hatua ya 6, siku ya uzinduzi, na kila mwaka baada ya hapo.

Hatua ya 3: Safisha maelezo ya mkusanyo

Hatua hii hula muda mwingi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Maelezo ya mkusanyo kwa kawaida yametawanyika: mengine yako kwenye leja iliyoandikwa kwa mkono, mengine kwenye lahajedwali la mtu aliyekwisha kuhama, na mengine yalichapwa moja kwa moja ndani ya kurasa za tovuti ya zamani na hayapo mahali pengine popote. Yakusanye kwenye jedwali moja ambamo kila kitu kina mstari wake na kila aina ya taarifa ina safu yake.

Majina ya safu huna haja ya kuyabuni. Dublin Core, orodha sanifu ya vipengele vya kuelezea vitu, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1995 na ambayo sasa ni kiwango cha kimataifa chini ya namba ISO 15836, ina vipengele 15 vya msingi, miongoni mwake kichwa, mtunzi, mada, maelezo, tarehe, aina, kitambulisho, lugha na haki. Karibu programu zote za makusanyo zinaielewa. Ongeza safu zako za ndani, kama vile mahali kitu kilipo stoo na hali yake, lakini zitie alama mapema kwamba hazitachapishwa.

Chukua mstari mmoja kama mfano. Leja inasema: "12-5. Picha. Wanawake kisimani, kama 1950. Imetolewa na familia." Ukiichapa namba hiyo kwenye lahajedwali bila tahadhari, programu itaidhani tarehe na kuigeuza kuwa Mei 12 au Desemba 5 ya mwaka unaochapa, na kama namba ingekuwa 0047, sifuri mbili za mbele zingetoweka na kubaki 47. Siku hiyo hakuna anayegundua. Kosa huonekana miezi mingi baadaye, pale mtunza stoo anapoitafuta picha kwa namba ambayo haijawahi kuandikwa juu ya bahasha yoyote. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa herufi ya kwanza, ipangie safu ya namba aina ya matini, na unapoifungua faili ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama matini tupu) chagua aina hiyo tena, kwa sababu faili ya CSV yenyewe haikumbuki mpangilio huo.

Neno "kama" lililo mbele ya 1950 nalo ni taarifa, na halipaswi kufutwa eti kwa kuwa kompyuta inataka mwaka mtupu. Weka safu mbili za tarehe. Ya kwanza ni ya msomaji na huandikwa "takriban 1950". Ya pili ni ya mashine na hufuata kanuni za tarehe zisizo na uhakika zilizoingizwa katika ISO 8601-2 mwaka 2019, ambamo 1950~ humaanisha takriban mwaka 1950, na 195X humaanisha mwaka usiojulikana ndani ya mwongo huo. Kwa namna hiyo msomaji hadanganywi, na bado mashine inaweza kuipanga picha hiyo mahali pake katika mfululizo wa miaka.

Ukishafikisha mistari elfu kadhaa, utakuta mpigapicha mmoja ameandikwa kwa namna tano, mara kwa herufi ya kwanza ya jina, mara kwa ukoo ukitangulia. Programu huria ya OpenRefine hukusanya maumbo yanayofanana na kukuuliza kama ni jina lilelile. Uamuzi unabaki kwako, na kila badiliko hurekodiwa ili uweze kulitengua. Hifadhi kila faili kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna sanifu ya kompyuta kuhifadhi herufi, la sivyo herufi zenye alama zitageuka vibambo visivyosomeka zitakapoingia kwenye mfumo mpya.

Jambo la mwisho katika hatua hii linahitaji busara kuliko ufundi. Maelezo ya zamani mara nyingi yana maneno ya dharau, hasa pale wenye picha walipotazamwa na wageni kama vielelezo badala ya watu. Nashauri maneno ya awali yasifutwe, kwa kuwa ni ushahidi wa namna mkusanyo ulivyoundwa, lakini yahamishiwe kwenye safu ya "maelezo ya awali" yakiwa na tarehe na chanzo chake, huku maelezo mapya yakitangulia. Pale leja iliposema "mwanamke wa kienyeji na kikapu", andika "Mwanamke akisuka kikapu, jina lake halikuandikwa na mpigapicha." Sentensi hiyo ndogo humrudishia hadhi aliyepigwa picha, na pia humwalika msomaji anayemfahamu ajitokeze.

Hatua ya 4: Amua haki, ruhusa na mipaka

Kumiliki picha mkononi hakukupi haki ya kuichapisha. Hakimiliki inaweza kuwa bado ya mpigapicha au warithi wake. Kila kitu kiwe na tamko lake la haki ndani ya ile safu ya haki, na tamko hilo lionekane kwenye ukurasa wake. RightsStatements.org ilianzishwa kwa ajili ya taasisi za urithi na ina matamko 12 sanifu, yakiwemo ya vitu ambavyo hakimiliki yake haijatathminiwa, jambo ambalo ndilo hali halisi ya makusanyo mengi. Kwa kazi ambazo haki ni ya shirika lenyewe, leseni za Creative Commons, ambazo hueleza wazi wengine wanaruhusiwa kuzitumiaje, hutosha. Usichanganye leseni ya programu na leseni ya maudhui: kuendesha tovuti kwa programu iliyo chini ya GPL hakulazimishi picha zenu ziwe huru.

Zaidi ya sheria kuna heshima. Vipo vitu vya ibada, nyimbo za jando na picha za marehemu ambavyo wenyewe hawataki vionekane na kila mtu, na jamii husika iulizwe kabla ya kuchapishwa, wakati bado kuna nafasi ya kukataa. Local Contexts imeandaa lebo za maarifa asilia zinazowezesha jamii kueleza, kwa maneno yake, masharti ya matumizi ya kitu fulani. Kwa maeneo ya kiakiolojia yasiyo na ulinzi, usichapishe viwianishi kamili, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa kwenye ramani. Onyesha eneo pana tu. Kumbuka pia kwamba picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba viwianishi hivyo ndani ya faili yenyewe, na mwizi wa mabaki ya kale anajua kuvisoma. Programu ya ExifTool, ambayo nayo ni huria, huviondoa kwenye mamia ya picha kwa amri moja.

Hatua ya 5: Chagua programu

Sasa, ukiwa unajua ulicho nacho, ndipo uchaguzi wa programu unapokuwa rahisi. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyoanza mwaka 2003, inafaa kwa habari, matukio na kurasa za kawaida, na ina faida kubwa kwamba watumishi wengi wameshaiona mahali fulani. Drupal, iliyotolewa kama programu huria mwaka 2001, ina nguvu zaidi katika kupanga aina nyingi za maudhui na ruhusa za watumiaji, lakini inahitaji fundi wa kudumu. Omeka ilitungwa na kituo cha historia na vyombo vipya vya habari cha Chuo Kikuu cha George Mason kwa ajili ya makusanyo na maonesho ya mtandaoni. Toleo lake la Omeka S hutumia Dublin Core tangu siku ya kwanza na huweza kuendesha tovuti kadhaa kutoka hifadhidata moja. AtoM ni kwa hifadhi za nyaraka zinazoeleza mafungu yake kwa ngazi, kuanzia fungu zima hadi jalada na waraka mmoja, kwa kufuata ISAD(G), kanuni za kimataifa za kueleza nyaraka. CollectiveAccess ni kwa makumbusho yenye usimamizi mpana wa vitu.

Kwa shirika la ukubwa ninaouzungumzia, ushauri wangu ni WordPress kwa habari na kurasa za kawaida za shirika na Omeka S kwa mkusanyo, zikiwa chini ya kikoa kimoja na sura moja. Inaonekana kama kazi maradufu, na kweli kuna mifumo miwili ya kusasisha. Hata hivyo nimeona mara kadhaa mkusanyo ukijengwa ndani ya WordPress kwa msaada wa programu-jalizi (programu ndogo za nyongeza) sita au saba, na baada ya miaka mitatu mbili kati yake hazina mtu wa kuzitunza, huku maelezo ya vitu yakiwa yamefungwa ndani yake. Kama mkusanyo ni nyaraka tupu, weka AtoM mahali pa Omeka S. Kama vitu ni mia mbili tu na havitaongezeka, mfumo wa kurasa tuli, yaani zinazotengenezwa mapema kama faili zilizokamilika, kama Hugo unaweza kutosha, kwa kuwa hauna hifadhidata ya kushambuliwa na unaweza kukaa kwenye seva dogo kabisa.

Kabla ya kuamua, jaribu jambo moja kwa mkono wako: ingiza vitu 20 kwenye programu unayoifikiria, kisha vitoe vyote kwa CSV au XML, ambazo ni faili za matini zinazosomwa na programu nyingi, na ulinganishe na faili ya awali. Programu isiyokurudishia ulichoipa uiache, hata kama sura yake inavutia. Angalia pia toleo la mwisho lilitoka lini, maswali kwenye jukwaa la watumiaji yanajibiwa kwa muda gani, na kama kuna njia ya wazi ya kuhamia toleo jipya. Waliobaki na Drupal 7 walikuta msaada wake ukikoma tarehe 5 Januari 2025, na kuhamia matoleo mapya kuliwadai ujenzi karibu wa upya.

Kwa seva, mfumo wa Linux, hifadhidata ya MariaDB, lugha ya PHP, na programu ya seva ya wavuti, Apache au Nginx, vinatosha kwa WordPress na Omeka S. Cheti cha usalama, kinachofanya mawasiliano kati ya msomaji na tovuti yasimbwe kwa siri, kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt. Kwa kuwa ni cha muda mfupi, hakikisha kinajihuisha chenyewe.

Hatua ya 6: Panga anwani mpya na uziunganishe na za zamani

Kila kitu cha mkusanyo kipewe anwani moja isiyotegemea programu, idara wala kundi. Anwani ya zamani huenda ikawa hivi: /index.php?page=picha&id=47. Anwani kama /picha/wanawake/kisimani inapendeza zaidi, lakini itavunjika siku mhifadhi atakapoamua kwamba kundi la "wanawake" halikuwa sahihi. Anwani kama /kitu/12-5 haina cha kubadilika, kwa sababu namba ya usajili ndiyo iliyo kwenye leja na juu ya bahasha. Shirika linalotaka uhakika mkubwa zaidi linaweza kuomba vitambulisho vya kudumu vya ARK, vilivyoanza mwaka 2001 na ambavyo havitozwi ada.

Rudi sasa kwenye orodha ya hatua ya 2 na uongeze safu ya anwani mpya. Kila mstari unageuka kuwa kanuni ya kuelekeza upya kwenye seva, kwa namba 301, inayoiambia mitambo ya kutafuta na vivinjari kwamba kuhama huku ni kwa kudumu. Namba 302 ni ya kuhama kwa muda, na kuitumia hapa ni kosa la kawaida. Ukurasa ulioondolewa kwa makusudi, kwa mfano picha ambayo jamii imeomba ishushwe, upewe namba 410 pamoja na sentensi moja ya maelezo. Usizielekeze anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele. Mtu aliyefuata tanbihi ya kitabu hadi kwenye picha fulani, akakutana na salamu za mkurugenzi, ataamini picha imepotea.

Hatua ya 7: Sanifu mpangilio na sura

Menyu za mashirika mengi ni muundo wa ofisi uliogeuzwa kuwa viungo: idara hii, kitengo kile. Mgeni haijui idara. Andika vichwa vya kurasa kwenye kadi, waite watu saba au wanane wasio watumishi, na uwaombe wazipange kwa makundi wanayoyaona yanafaa na kuyapa majina. Majina yao yatakuwa mafupi na ya wazi kuliko yale ya kamati, nami nimeshuhudia zoezi hili la saa mbili likimaliza mabishano ya miezi. Michoro ya awali unaweza kuiandaa kwa Penpot, ambayo ni programu huria ya usanifu, au kwa penseli.

Anza na ukurasa wa kitu kimoja kwa kuwa ndio utakaorudiwa mara elfu. Picha ije juu, kisha kichwa, maelezo mafupi, tarehe, mahali, namba ya usajili, tamko la haki, namna ya kuunukuu ukurasa huo katika maandishi, na njia ya kuliandikia shirika kama msomaji anajua zaidi. Usanifu ukifanikiwa hapo, ukurasa wa mbele utajengeka kwa urahisi. Fanya kazi hiyo kwanza kwenye kioo cha simu, na uijaribu kwa intaneti ya kasi ndogo.

Kiolezo (faili zinazoipa tovuti sura yake) kilichotungwa na wengine usikihariri moja kwa moja, kwa kuwa sasisho la kwanza litafuta kazi yako. Tengeneza kiolezo tanzu kinachorithi kile kikuu. Picha za asili zenye muundo wa TIFF zibaki kwenye hifadhi, na tovuti ipewe nakala nyepesi za JPEG au WebP. Kwa ramani, miswada na vitu ambavyo mtafiti anataka kuvikaribia, tumia IIIF, kanuni za kimataifa za kutoa picha mtandaoni, pamoja na kionyeshi kama OpenSeadragon, ambacho huleta vipande vya sehemu inayotazamwa tu, na hivyo ramani kubwa inasomeka hadi jina la kijito bila kupakua faili nzima.

Ufikivu kwa watu wenye ulemavu upangwe sasa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 na mandharinyuma yake, kwa hiyo kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifai. Kila picha iwe na maelezo mbadala yanayosomwa na kisoma-skrini. "IMG_0047" halimsaidii mtu yeyote, na "picha ya zamani" halimsaidii sana, andika "Wanawake watatu wamesimama kando ya kisima, mmoja anavuta kamba, ndoo mbili ziko chini." Jaribu pia kutembea tovuti nzima kwa kibodi pekee, bila kugusa kipanya.

Hatua ya 8: Hamisha, kagua, kisha zindua

Tovuti mpya ijengwe kwenye anwani ya majaribio iliyofungwa kwa nywila. Uhamishaji wa kwanza uwe wa rekodi 30, na uchague zile mbaya kuliko zote: yenye tarehe mbili, yenye jina refu kupita kiasi, isiyo na picha, yenye picha 40, yenye herufi za alama. Zikipita hizo, nyingine zitapita. Baada ya uhamishaji kamili, linganisha idadi ya rekodi za pande zote mbili, kisha chukua rekodi 50 bila kuchagua na uzisome neno kwa neno mbele ya leja.

Siku moja au mbili kabla ya uzinduzi, punguza muda wa kuhifadhiwa kwa taarifa za DNS, mfumo unaoonyesha kikoa kiko kwenye seva ipi, hadi sekunde 300, ili kikoa kihamie seva mpya haraka, au kirudi haraka ikilazimu. Sitisha uhariri kwenye tovuti ya zamani, na uwajulishe watumishi kwa maandishi saa ya kusitisha. Ukishawasha tovuti mpya, ondoa ile alama ya kuizuia mitambo ya kutafuta iliyowekwa wakati wa majaribio. Ni kisanduku kimoja tu katika mipangilio ya WordPress, lakini kikisahaulika tovuti inaweza kukaa miezi bila kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji. Pitisha orodha yote ya anwani za zamani kwenye programu ya kukagua viungo. Iache seva ya zamani ikiwa hai, bila kutangazwa, kwa wiki sita hivi.

Hatua ya 9: Weka utaratibu wa matunzo

Kabla fundi hajaondoka, andika hati isiyozidi kurasa nne inayoeleza seva iko wapi, nani analipa na lini, nywila zinatunzwa wapi, programu zipi zimewekwa na toleo gani, na hatua za kurejesha nakala. Watu wawili waisome na kuijaribu bila msaada wake. Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Masasisho ya usalama yafanyike kila wiki, na yale makubwa yajaribiwe kwanza kwenye tovuti ya majaribio. Ukitaka takwimu za wageni, programu huria ya Matomo inaweza kukaa kwenye seva yenu wenyewe, hivyo taarifa za wasomaji haziendi kwa mtu mwingine.

Tenga pia saa chache kwa mwaka kuwarudishia waliozitunga programu hizi: tafsiri ya menyu, ripoti ya kosa yenye maelezo kamili, au sentensi iliyorekebishwa katika nyaraka zao. Hakuna anayelazimishwa, lakini programu iliyotafsiriwa vizuri kwa lugha yenu itaokoa saa za mafunzo kwa kila mtumishi mpya atakayekuja.

Mara moja kwa mwaka, katika tarehe iliyowekwa kwenye kalenda ya ofisi, ichukue tena ile orodha ya hatua ya 2 na uzipitishe anwani zote, za zamani na mpya. Anwani itakayorudisha kosa irekebishwe siku hiyohiyo, na mstari wake uandikwe tarehe na jina la aliyeirekebisha.